Mstari wa Kusini

Kila robo ya mwaka nachora mistari,
mkoa mmoja rangi moja.
Kaskazini buluu. Magharibi kwenye visima vya mafuta, kijivu.
Na kusini, kwetu Kizilorda,
Bwana Dosbol aliniambia weka nyekundu, ionekane.

Imeonekana.
Mikopo ya walaji: asilimia thelathini na nne kwa mwaka.
Mstari umepanda kama mbuzi aliyeona nyasi juu ya paa
na bwana mkubwa anaupenda, anasimama nyuma ya kiti changu,
ghorofa ya tisa, Almati, theluji dirishani,
anapuliza chai yake ya maziwa na kusema,
"Hili, Akbope, ndilo soko linaloamka."

Mimi nawajua wasiolala.

Tolegen, mtoto wa shangazi Batima:
jokofu la milango miwili, miezi ishirini na minne.
Alilikopa kwa dole gumba,
na simu aliyoibonyeza ilikuwa nayo ya mkopo.
Nilikuwepo. Birika ndiyo kwanza lilianza kunong'ona,
maji hayajachemka, mkopo umeshapita.
Tukacheka. Siku lilipoletwa tukalizunguka
kama watu waliokuja kumtazama bibi harusi.
Ndani mlikuwa na siagi, nusu ya tikiti,
na taa nzuri sana.

Zamani alikuwapo Orynkul, duka lake pembeni mwa reli,
daftari la karatasi za hesabu, penseli nyuma ya sikio.
Mchele, sabuni, viatu vya shule: chukua, utaleta.
Ukichelewa alikutazama tu, na kule kutazamwa
kulikutoa jasho hata kwenye baridi ya Januari.
Mwaka mto ulipokauka na mpunga ukafa umesimama
alifuta ukurasa mzima, akapuliza vumbi la ufutio,
akauliza nani anataka chai.
Madeni ya Orynkul hayakuwahi kufika kwenye jedwali langu.
Kwa hiyo wakiniuliza soko limekua kiasi gani
nami hutaka kuuliza: limekua, au limehama
kutoka penseli kwenda wino?
Swali hilo halina safu.

Juni, harusi ya binti wa Batima:
ukumbi, wageni mia tatu, mpiga picha
mwenye kidege kinachonguruma juu ya keki,
ndugu wa mume wasije wakasema.
Machi, mjomba akaanguka uani, ndoo ya makaa mkononi.
Arobaini inataka farasi, kwetu ndivyo,
nyama itoshe mtaa na wapita njia,
na farasi hauzwi kwa machozi.
Shangazi akatafuta miwani.
Akaipata. Akabonyeza.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Hawakujua itafika siku
matanga nayo yatakopwa,
na deni la harusi lingali limekaa sebuleni,
limevua viatu, linasubiri sahani.

Leo asubuhi Bwana Dosbol kaweka kidole kwenye nyekundu,
pale inaporuka, mwezi wa tatu.
"Hapa pana nini?"

Hapa pana farasi, nilitaka kusema.
Wa kahawia, doa jeupe juu ya jicho la kushoto.
Kamba yake niliishika mimi,
na alikuwa akinusa mfuko wangu, akidhani nina sukari.

Nimeandika: mahitaji ya msimu.
Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na kikombe chake.
Msimu gani, hakuuliza.